Noel (2004): filamu ya mkesha wa Krismasi, na yule kijana aliyeuumiza mkono wake makusudi

Kibatari | 22 Desemba, saa 4:50 usiku

Wanajukwaa, habari za usiku.

Kuna filamu nimeiangalia kwa mara ya tatu sasa, na kila mwaka najiahidi kuifungulia uzi halafu nalala. Leo umeme upo, nyumba imetulia, twende.

Inaitwa Noel, ya mwaka 2004. Muongozaji ni Chazz Palminteri, yule mwigizaji mwenye sura ya mtu anayekudai, mzaliwa wa Bronx. Wengi hamjaisikia na siwalaumu. Hata huko kwao wahakiki waliiponda, ikapita kama basi lisilosimama. Ila ukisoma majina ya waliocheza unajiuliza ilipitaje kimya namna hiyo: Susan Sarandon, Penélope Cruz, Alan Arkin, Paul Walker. Robin Williams naye yumo, tena kwenye sehemu nzito, lakini jina lake hawakuliandika.

Mambo yanatokea New York, mkesha wa Krismasi, ingawa picha zilipigwa Montreal, Kanada. Hakuna staringi mmoja. Kuna watu kadhaa, kila mmoja na mzigo wake, wanapishana barabarani, hospitalini na mgahawani, na kila wakigongana kitu kinasogea.

Rose (Sarandon) ni mhariri wa vitabu vya watoto. Ndoa ilishavunjika. Mama yake amelazwa na ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu, na Rose anamaliza jioni zake pale kitandani akiongea na mtu asiyejibu. Nina (Cruz) na Mike (Walker) ni wachumba. Mike ni polisi, na ana wivu ambao umeanza kunuka. Artie (Arkin) ni mzee mhudumu wa mgahawa; kila mkesha wa Krismasi anamtafuta marehemu mkewe, na safari hii akimwona Mike anaamini mkewe amerudi ndani ya mwili wa yule polisi. Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Halafu yupo Jules, amechezwa na Marcus Thomas. Jules anauumiza mkono wake makusudi ili apokelewe wodi ya dharura usiku wa Krismasi. Kwa nini? Kwa sababu Krismasi pekee yenye furaha anayoikumbuka utotoni ilikuwa hospitalini, kwenye sherehe waliyofanyiwa wagonjwa. Anataka kurudi pale.

Wengi wanaizungumzia filamu hii kwa Rose. Mimi kinachonirudisha ni Jules. Wengine wote kwenye hadithi wana mtu wa kugombana naye, wa kumlilia, hata wa kumwonea wivu. Jules hana mtu. Duniani kote mlango uliowahi kumfungukia kwa furaha ni ule wa majeruhi, na yeye amejua bei ya kuingia.

Mliowahi kuiona karibuni. Msioiona, nitajitahidi nisiwamalizie utamu.

Ndala Nyeupe | 22 Desemba, saa 5:02 usiku

Nimekaa mbele kabisa. Paul Walker yule yule wa magari, wa Fast and Furious?

Kibatari | 22 Desemba, saa 5:05 usiku

Yule yule, mkuu. Hapa magari si habari yake.

Na ukiitazama leo inauma zaidi. Walker alifariki kwa ajali ya gari tarehe 30 Novemba 2013. Robin Williams akafuata Agosti 2014. Alan Arkin Juni 2023. Wanaume watatu wa filamu hii wote wameshatangulia, na mle ndani wanaongelea wafu na wanaobaki.

Fundi Dishi | 22 Desemba, saa 5:31 usiku

Hii filamu naijua kwa sababu nyingine kabisa, na nimefurahi kuona kuna binadamu mwingine anaikumbuka.

Mwaka ule ule 2004 waliitoa kwenye diski inayojiua. Sitanii. Teknolojia iliitwa Flexplay. Diski inakuja imefungwa ndani ya pakiti isiyopitisha hewa. Ukiichana tu, saa zinaanza kuhesabika: kuna tabaka la gundi ndani ya diski ambalo likikutana na oksijeni linageuka rangi polepole mpaka linakuwa jeusi, mwanga wa leza haupiti tena, mashine haisomi. Unapewa kama saa 48. Baada ya hapo una kipande cha plastiki cha kutishia kunguru shambani. Wazo lilikuwa mtu akodi filamu bila kurudi dukani kuirudisha. Disney walishajaribu kitu hicho hicho mwaka 2003. Watu wa mazingira wakaja juu, wanunuzi wakasema kwa nini ninunue kitu kinachooza, biashara ikadoda.

Kwa hiyo filamu ya watu wenye usiku mmoja tu wa kutengeneza maisha yao ilipewa diski yenye siku mbili tu za kuishi. Sijui kama aliyepanga aliliona hilo. Nadhani hakuliona.

Ndala Nyeupe | 22 Desemba, saa 5:36 usiku

Fundi, hiyo diski ingefika huku, watu wa vibanda umiza, hivi vya kuonyeshea video, wangeifungia ndani ya ndoo ya mafuta ya taa isione hewa.

Fundi Dishi | 22 Desemba, saa 5:38 usiku

Wangeinakili saa ya kwanza tu, iuzwe mtaa mzima kabla haijapauka.

Hakimu wa Bure | 22 Desemba, saa 6:15 usiku

Nimeiona. Naomba niwe mtu mbaya wa uzi huu.

Kibatari umeipamba. Wahakiki hawakuwa wachawi. Filamu za namna hii, visa vingi vinavyosukwa kama mkeka, zina tatizo moja: mwandishi anakuwa Mungu. Jiji la watu milioni nane, usiku mmoja, halafu watu wale wale watano ndio wanaokutana kila kona? Hiyo New York au Matombo siku ya gulio?

La pili ni Artie. Mzee anamfuata polisi kijana akimwambia wewe ni mke wangu. Arkin ni mwigizaji wa kiwango cha juu, ndiyo maana hamkucheka. Angecheza mtu mwingine ukumbi mzima ungeinuka kwenda kununua karanga.

La tatu, na hili ndilo kubwa: kila mtu anapata dawa kabla jua halijachomoza. Miaka ya maumivu inaisha kwa maneno ya mgeni mmoja hospitalini. Maisha hayako hivyo. Muziki nao unalia kabla wewe hujalia, unakuonyesha pa kutolea machozi.

Nusu ya kwanza nzuri. Nusu ya pili ni kadi ya Krismasi.

Mwali Mkubwa | 23 Desemba, saa 12:40 asubuhi

Hakimu, kwa Artie nakuunga mkono nusu. Ila mmepita haraka sana kwa Nina na Mike, labda kwa sababu humu wanaume ni wengi.

Mike hampigi Nina. Ndiyo maana watazamaji wengi watasema "anampenda sana tu". Angalieni vizuri. Anamhoji alikuwa na nani. Akicheka na mtu, kosa. Akivaa hivi, kosa. Halafu anaomba msamaha akiwa na macho ya mtoto wa mbwa, na kwa kuwa ni Paul Walker, mtazamaji anasamehe kabla ya Nina. Nilikaa na mtu wa hivyo miaka minne. Kila mtu aliniambia una bahati, mwanaume anayekuonea wivu ndiye anayekupenda. Hata mama yangu mzazi alisema hivyo. Nilianza kuifuta historia ya simu yangu wakati sina kosa lolote. Mtu asiye na kosa anayefuta ushahidi, mnaelewa hiyo hali?

Kitu ambacho filamu imefanya vizuri ni kumweka Artie mbele ya Mike. Sitasema kilichompata Artie na mkewe. Waliotazama wanajua. Lakini yule mzee ni Mike wa miaka arobaini ijayo, ameletwa amtazame. Ukiona hivyo, habari ya mke kurudi mwilini mwa polisi haichekeshi tena.

Hakimu wa Bure | 23 Desemba, saa 1:20 asubuhi

Dada, hapo umenikamata. Sikumsoma Artie hivyo. Nilikuwa nimekwama kwenye kichekesho. Nitaitazama tena sehemu yao.

Muziki bado sisamehe.

Mtoto wa Kimara | 23 Desemba, saa 1:44 asubuhi

Mwali, pole, lakini wivu bila kiasi ni upendo umekosa dereva tu. Bila wivu kabisa pia hamtaki. Mwanamke akiona huulizi anasema humjali.

Mwali Mkubwa | 23 Desemba, saa 1:47 asubuhi

Gari likikosa dereva linaua, Mtoto wa Kimara. Tuendelee na filamu.

Sista Zamu | 23 Desemba, saa 4:10 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, naandika na jicho moja. Mimi ni nesi, mwaka wa kumi na moja sasa, na Krismasi saba kati ya hizo nimekula wodini.

Kuhusu Jules. Mnamwona kama jambo la ajabu la kwenye sinema. Kwetu siyo ajabu sana. Sijaona mtu aliyejivunja mkono, la. Lakini kila mwisho wa mwaka kuna watu wanakuja na maumivu yasiyo na mahali. Leo tumbo, ukiligusa yamehamia mgongoni. Vipimo safi. Daktari anamwambia baba uko vizuri, nenda nyumbani ukale sikukuu na familia, na uso unaanguka kama umemsomea hukumu. Nimejifunza kuuliza, "Nyumbani kuna nani?" kabla sijauliza "Kunauma wapi?"

Kuna mzee mmoja aliletwa na watu wake tarehe 23, wakaacha namba ya simu, wakasafiri. Namba haikupatikana mpaka tarehe 2 Januari. Mzee hakuwa mgonjwa wa kulazwa, na tusingeweza kumweka nje. Usiku wa mkesha tuliimba na wagonjwa, mtu akaleta soda. Akaniambia hajawahi kupata Krismasi nzuri hivyo tangu mkewe afe. Mimi nikaenda kulia kwenye stoo ya dawa. Kwa hiyo Jules namjua, ila wa kwangu ana miaka themanini.

Jambo lingine kabla sijalala, kwa sababu huwa linaletwa kila Desemba. Rose kuna wakati anasimama ukingoni mwa mto na mtazamaji anaelewa anachowaza. Watu wakiona hivyo husema Krismasi ndiyo msimu wa watu kujiua. Kwa Marekani, ambako filamu imewekwa, takwimu za serikali yao zinaonyesha kinyume: Desemba huwa miongoni mwa miezi yenye vifo vichache zaidi vya aina hiyo, na namba hupanda majira ya machipuko na kiangazi. Upweke wa sikukuu upo, naushika mkono kila mwaka. Lakini tusimwambie mtu mwenye huzuni kwamba msimu wenyewe ndio wa kufia. Na kama kuna anayesoma hapa akiwa ukingoni, ongea na mtu leo, usingoje Januari. Hata hapa uzini andika, nitajibu nikiamka.

Ndala Nyeupe | 23 Desemba, saa 4:22 asubuhi

Mimi ndiye nilikuwa naenda kuandika hilo la msimu wa kujiua. Nimefuta. Lala salama Sista.

Mutoto ya Bukavu | 23 Desemba, saa 6:30 mchana

Jambo wandugu. Miye niko Bukavu. Jina la hii filamu halitupite, sababu huku tunasemaka Noeli, hatusemaki Krismasi sana. Niliionaka kwenye televizyo, wanaongea Kifaransa, nikafikiri ni ya Wafaransa kumbe ni ya Waamerika!

Kwetu Noeli ni nguo mpya ya mutoto. Mutoto akikosa nguo hatoke inje siku ile, anachungulia kwa dirisha. Ule Jules ni ule mutoto wa kwa dirisha, amekomaa tu.

Kibatari | 23 Desemba, saa 7:05 mchana

Mutoto ya Bukavu, umesema kwa mstari mmoja nilichohangaika nacho aya nzima. Na huku Wakatoliki nao kanisani utawasikia na Noeli, kwa hiyo jina si geni.

Kaka Boksi | 23 Desemba, saa 3:15 usiku

Salaam kutoka New Jersey, ng'ambo tu ya mto kutoka hiyo New York ya kwenye filamu. Nabeba boksi, yaani kazi za mikono za ughaibuni, ila boksi langu ni wazee. Niko nyumba ya kulelea wazee, upande wa waliopoteza kumbukumbu, mwaka wa sita.

Kwanza nimtetee Rose. Mnajua kwa nini anaongea na mama asiyejibu? Kwa sababu usipoongea, unaanza kumshughulikia kama godoro: unageuza, unafuta, unaondoka. Nimeona wafanyakazi wakifika hapo na si watu wabaya. Wamechoka tu.

Krismasi huku ni zamu ninayoipenda na kuiogopa. Wengine wanalipa saa moja kama saa moja na nusu, basi sisi wahamiaji tunajiandikisha wote, Mghana, Mhaiti, Mfilipino, Mkenya. Watoto wa wazee wanakuja asubuhi na maua, saa sita mchana maegesho yamejaa. Saa kumi jua linaanza kuzama, maana Desemba huku giza linaingia kabla ya saa kumi na moja, na maegesho yanabaki matupu. Hapo ndipo wazee wanapochangamka vibaya. Jioni huwavuruga. Anayekaa kimya mchana kutwa anasimama anataka kwenda nyumbani, na nyumba anayoitaka ilishavunjwa mwaka 1961. Mwingine anamtafuta mama yake.

Zamani nilikuwa nasahihisha. "Bibi, mama yako alishafariki." Kila nikimwambia alikuwa anafiwa upya. Hapo hapo, machozi mabichi, kama simu imeingia sasa hivi. Kesho anauliza tena, nami namfishia tena mama. Nesi mmoja mtu mzima akanishika bega akaniambia niache. Akitaka mama, muulize mama alikuwa anapika nini Krismasi. Ataeleza, na akieleza amefika alikotaka kufika.

Filamu haikuonyesha hilo kwa undani. Inamtumia mama wa Rose kama kitanda chenye mtu. Hiyo ndiyo lawama yangu kwake, Hakimu, kuliko muziki. Ila sehemu ya yule Charlie wa Robin Williams, anayesema aliwahi kuwa padri, anapomsukuma Rose ajiangalie na yeye mwenyewe, hapo nilisimamisha nikatoka nje kuvuta hewa. Maana mlezi huwa hafi ghafla, anapungua tu kila siku kidogo na hakuna anayemuuliza.

Hakimu wa Bure | 23 Desemba, saa 3:40 usiku

Kaka Boksi heshima. "Kitanda chenye mtu" ndiyo sentensi niliyokuwa natafuta.

Kibatari, hujanijibu. Unakubali au hukubali kwamba usiku mmoja hauponyi miaka?

Kibatari | 23 Desemba, saa 5:55 usiku

Nakubali, Hakimu. Nimeshaandika jibu mara tatu nikafuta.

Nimewaambia naipenda kwa ajili ya Jules. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba kwa Rose siwezi kutazama moja kwa moja, natazama pembeni, ndiyo maana nimemwona Jules.

Mama yangu yuko chumba cha pili hapa ninapoandika. Ni mwaka wa tatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alijua majina ya wanafunzi hata wa madarasa ambayo hakufundisha. Ilianza na chumvi: anatia mara mbili, mara tatu. Majirani wakasema uzee. Shangazi akasema kuna mkono wa mtu, tukazunguka huko mwaka mzima, hela ikaisha. Sasa haniiti jina langu. Ananiita Yoeli, kaka yangu aliyefariki 2009. Kila siku namwambia, "Mama, mimi si Yoeli, Yoeli alikufa." Nimekuwa nafanya hivyo miaka mitatu nikiamini namsaidia asipotee. Halafu nimesoma post ya Kaka Boksi saa mbili zilizopita.

Kwa hiyo ndiyo, filamu inadanganya kwenye dawa. Lakini kwenye kukaa pale kitandani na sahani, ukisubiri mtu afumbue mdomo, haidanganyi. Sarandon ameshika kijiko kama mtu aliyekwisha kukishika.

Sista Zamu | 24 Desemba, saa 1:30 asubuhi

Kaka Kibatari, pole sana. Na asante kwa kulisema.

Mawili tu. Si uzee na si mkono wa mtu. Daktari Alois Alzheimer alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1906 kule Ujerumani, mgonjwa wake alikuwa mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51 tu. Ubongo wenyewe unaharibika. Na kama mama anakataa chakula, wengi hufikiri ni ubishi. Ugonjwa ukifika mbali mwili unasahau njaa na hata namna ya kumeza. Mkalishe wima, kijiko kidogo, chakula laini, subiri ameze ndipo uongeze. Usimlazimishe, kitaenda mapafuni. Akianza kupaliwa mara kwa mara mpeleke aonwe.

La pili, wewe unalala saa ngapi? Usinijibu hapa. Jijibu.

Karafuu Mbichi | 24 Desemba, saa 3:00 asubuhi

Asalaam alaikum jamani. Mie Krismasi si yangu, niko Unguja, nilipita tu kwenye uzi huu nikakwama.

Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo. Akisahau wajukuu wote, lakini ukimwanzishia kasida anakwenda nayo mpaka mwisho, hakosi hata herufi. Idi moja hakutujua hata mmoja, tukakaa tukimswalia Mtume pamoja naye mpaka adhuhuri, skwambii uso wake ulivyokuwa. Kibatari, mamako kama mtu wa kanisani, mwimbie za zamani. Usimwimbie hizi mpya.

Kaka Boksi | 24 Desemba, saa 9:20 alasiri

Karafuu kasema kweli. Nyimbo hubaki baada ya majina kuondoka. Huku kuna babu hajasema neno tangu Septemba, jana wamekuja watoto wa shule kuimba, akashika sauti ya nne.

Mangi Bila Nauli | 24 Desemba, saa 2:45 usiku

Nimesoma uzi wote tangu juzi bila kuchangia. Niko Mbezi, chumbani. Nauli ya Moshi ilipanda kabla sijajipanga, na mwaka huu biashara imelala chali. Mchaga aliyebaki Dar tarehe 24 Desemba mnajua anavyoonekana, hata muuza maji alinishangaa: "Mangi, bado upo?" Nimewaambia nyumbani nina kazi nyingi dukani. Duka nilifunga Oktoba.

Sijauumiza mkono. Nacheka kidogo tu hapa. Lakini nimeelewa.

Ndala Nyeupe | 24 Desemba, saa 2:52 usiku

Mangi, mimi niko Kimara Temboni. Kesho nyumbani kuna pilau na kelele za watoto sita, sikudanganyi kwamba pametulia. Nimekutumia namba kwa ujumbe wa ndani. Hakuna ndafu lakini.

Mwali Mkubwa | 24 Desemba, saa 3:10 usiku

Na upige simu Moshi useme ukweli, mdogo wangu. Mama anajua duka lilifungwa, akina mama huwa wanajua. Anangoja useme mwenyewe tu.

Sista Zamu | 24 Desemba, saa 8:05 usiku

Zamuni. Wodi imetulia kuliko nilivyotegemea. Mangi, uko wapi? Andika hata nukta.

Ndala Nyeupe | 25 Desemba, saa 4:30 asubuhi

Mangi?

Fundi Dishi | 25 Desemba, saa 5:12 asubuhi

Wakuu, heri ya Noeli. Ile filamu nimeipata mahali, lakini sauti iko nyuma ya picha kwa sekunde nne. Penélope Cruz anafunga mlango, halafu ndipo anagombana. Mwenye nzima anisaidie.

Mangi Bila Nauli | 25 Desemba, saa 8:50 mchana

Nipo. Samahani Sista, simu ilizima, nilikuwa naongea na Moshi mpaka chaji ikaisha.

Ndala, watoto wako si sita. Nimehesabu tisa.

Ndala Nyeupe | 25 Desemba, saa 8:53 mchana

Watatu wa jirani. Harufu ya pilau.

Kibatari | 25 Desemba, saa 2:20 usiku

Heri ya sikukuu wote.

Asubuhi nilimwimbia mama, Karafuu. Wimbo wa darasani, wa kuhesabu, aliokuwa anawafundishia darasa la kwanza. Kwenye saba nikajisahau makusudi. Akanisahihisha, kwa ile sauti ya chaki.

Mchana amekula vijiko kama kumi, vidogo, kama Sista alivyosema. Halafu akaniangalia akasema, "Yoeli, umekuja lini?"

Nikamwambia, "Nimefika sasa hivi, mama."

Fundi, faili langu sauti yake ni nzima. Nakutumia kesho, leo bando limeisha.